Sura ya 5: Maji Lazima Yatembee

Anayenunua bwawa la kuogelea la kusimamisha juu ya ardhi, lile la duara lenye fremu ya chuma na turubai nene, huanza kwa kujiuliza maji atayatoa wapi. Kwa mkazi wa Ruiru au Thika swali hilo ni zito. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 kwenye Mto Thika, linaweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, lakini maji yake huteremka hadi mitambo ya Ng'ethu kule Gatundu, yakasafishwa, kisha yakaelekea Nairobi. Ruiru nayo ina bwawa lake la tangu enzi za ukoloni, na hilo pia lilijengwa kwa ajili ya jiji. Sensa ya 2019 iliukuta mji wa Ruiru ukiwa na watu karibu 490,000. Bwawa la Karimenu II, lililozinduliwa 2022, lilijengwa ili kuongeza maji ya mfereji Ruiru, Juja na Nairobi, lakini bado ipo mitaa inayopata maji kwa zamu, na tangi la juu ya paa ndilo linalowavusha watu hadi zamu nyingine.

Katika eneo kama hili, kumwaga bwawa zima kila maji yanapogeuka kijani na kujaza upya ni jambo la kusikitisha. Bwawa la wastani lenye kipenyo cha mita 3.66 likijazwa hadi kina cha sentimita 90 hubeba takriban lita 9,500. Hayo ni karibu maji yote ya lori la lita 10,000. Maji hayo hayo, yakitunzwa, yanaweza kukaa miezi kadhaa yakiwa safi, ukiongeza tu kiasi kinachopotea kwa jua na kwa watoto kurukaruka. Kinachoamua yakae au yaharibike ni mzunguko. Wengi hukimbilia klorini, na klorini ni muhimu, lakini haina miguu. Ukiimimina upande mmoja wa bwawa lililotulia itakaa upande huo, huku upande wa pili mwani ukiota ukutani na mbu wakitaga. Mbu wengi hutafuta maji yaliyotulia, na kwenye joto yai huweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 hadi 14. Maji yanayotembea hayawapi nafasi hiyo.

Kabla ya pampu kuna hesabu moja ambayo kila mwenye bwawa anapaswa kuielewa, kwa sababu wauzaji wengi huieleza nusu. Husema pampu inapaswa kupitisha maji yote kwenye filta ndani ya saa nane. Kwa bwawa letu la lita 9,500 hiyo ni kama lita 1,200 kwa saa, na pampu ndogo inayokuja ndani ya boksi mara nyingi inakaribia hapo. Lakini maji yanayorudi kutoka kwenye filta huchanganyika na yale ambayo hayajapita, kwa hiyo pampu huvuta tena sehemu ya maji iliyokwisha kuyasafisha. Baada ya kusukuma kiasi kinacholingana na bwawa moja zima, ni asilimia 63 hivi tu ya maji iliyopita kwenye filta. Baada ya mabwawa mawili inafika 86, na baada ya matatu 95. Ndiyo maana napendelea pampu ya lita 2,500 kwa saa ikifanya kazi saa 12 kwa siku. Hiyo ni lita 30,000, zaidi kidogo ya mara tatu ya bwawa. Mota ya wati 150 ikifanya kazi hiyo hula uniti 1.8 za stima kwa siku. Pampu ya nguvu ya farasi moja kwa muda huo huo ingekula uniti 9, na bwawa la ukubwa huu halihitaji nguvu zote hizo.

Hesabu ikishakaa sawa, tazama ardhi. Lita 9,500 ni tani tisa na nusu, na uzito huo unalala juu ya turubai na kipande cha ardhi ulichokichagua. Upande wa magharibi wa barabara kuu ya Thika, kupanda kuelekea Gatundu, udongo ni mwekundu na unashindilika vizuri. Ukienda mashariki, kwenye tambarare za Juja na baadhi ya sehemu za Ruiru, utakuta ule udongo mweusi wa pamba unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Juu ya udongo huo bwawa lililosawazishwa Februari litakuwa limeinama mvua za Aprili zikikolea. Fundi mzuri huuondoa, akajaza murram na kuishindilia, kisha mchanga laini juu. Kusawazisha kwenyewe hakuhitaji chombo cha gharama. Mafundi wa ujenzi hutumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wakaujaza maji na kuinua ncha zake mbili kwenye kingo mbili za kiwanja. Maji ndani ya mpira husimama kimo kimoja hata kama kuna kichuguu katikati. Unaweka alama, unapima, na tofauti ikizidi sentimita mbili na nusu unachimba upande ulio juu. Ni afadhali kuchimba kuliko kujazia, maana udongo wa kujazia hudidimia.

Uangalifu huu una uhusiano wa moja kwa moja na mzunguko. Bwawa likiinama, mdomo wa kuengua uchafu wa juu hukaa ama chini sana ya maji ama nusu hewani. Ukikaa nusu hewani, pampu huvuta hewa, na pampu inayovuta hewa haisukumi chochote.

Sasa njia yenyewe. Maji hutoka bwawani kupitia mdomo wa kuvutia, yakapita kwenye mpira hadi pampu, yakasukumwa kwenye filta, kisha yakarudi bwawani kupitia mdomo wa kurudishia. Kosa ninaloliona mara nyingi mitaani ni la mabomba. Bwawa linakuja na mipira ya nchi moja na nusu, mpira mmoja unachanika au unakuwa mfupi, na fundi wa mabomba anakwenda duka la hadwea na kurudi na bomba la robo tatu kwa sababu ndilo linalotumika nyumbani. Anaweka kipunguzio, anafunga tepu kwenye uzi, na kazi inaonekana safi. Lakini maji yaleyale yakilazimishwa kupita kwenye bomba lenye nusu ya kipenyo, msuguano huongezeka karibu mara 32. Pampu itanguruma vilevile na mdomo wa kurudishia utatoa mkondo dhaifu. Mwenye nyumba atadhani pampu imekufa, atanunua kubwa zaidi, na hiyo nayo itahangaika kwenye bomba hilohilo. Nunua bomba la nchi moja na nusu hata kama itabidi ulifuate mjini Thika. Lifanye fupi, na kila kona kali unayoweza kuigeuza iwe mpindo mpana, igeuze.

Pampu nyingi za mabwawa haya haziwezi kujivutia maji zenyewe. Lazima ziwekwe chini ya usawa wa maji ili maji yateremke na kuzijaza. Kuiweka juu ya meza ili isiguswe na mvua ni kuinyima maji. Iweke juu ya tofali moja au mawili ya mawe, mahali ambapo mvua haiwezi kufanya dimbwi, na uijengee kibanda kidogo chenye matundu ya hewa. Ukifikiria kuiweka juu kuliko maji, kumbuka pia mwinuko wa eneo hili. Ruiru na Thika ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya hapa hukandamiza kwa asilimia 85 hivi ya nguvu ya hewa ya Mombasa. Kwa kuwa hewa ndiyo inayosukuma maji kupanda kwenye bomba la kuvuta, pampu yoyote inayonyonya kutoka chini hupoteza karibu mita moja na nusu ya uwezo wake ikipandishwa kutoka pwani hadi huku.

Mdomo wa kurudishia ndio unaonifurahisha kuliko sehemu zote, kwa sababu kuugeuza tu kwa mkono, bila kununua chochote, kunaweza kubadilisha bwawa zima. Katika mabwawa mengi ya boksi, tundu la kuvuta na tundu la kurudisha yako upande mmoja, hatua mbili tatu kati yao. Mdomo ukielekea katikati au ukielekea tundu la kuvuta, maji safi hutoka, yakageuka, yakavutwa tena kabla hayajafika ng'ambo. Filta inasafisha maji yaliyo safi na ng'ambo ya pili kunaota mwani. Ugeuze mdomo uelekee mbali na tundu la kuvuta, ukilaza mkondo sambamba na ukuta. Maji yataanza kuzunguka bwawa lote kama yanayokorogwa, na yatazunguka duara karibu lote kabla ya kufika yanapovutwa.

Ukishafanya hivyo utaona jambo ambalo huwatia watu wasiwasi. Baada ya siku mbili vumbi, mchanga na majani yaliyooza hukusanyika chini, katikati kabisa ya bwawa, yakafanya duara la kahawia. Wengi huamini kwamba hiyo ni dalili ya mzunguko mbaya, kwamba maji yanayozunguka yangepaswa kuutupa uchafu ukutani. Ukweli ni kinyume. Koroga kikombe cha chai chenye majani chini yake, toa kijiko, na uangalie: majani hujikusanya katikati. Albert Einstein alilieleza jambo hili mwaka 1926 katika makala fupi kuhusu kwa nini mito hupinda. Maji yanayozunguka husukumwa kuelekea nje, kwa hiyo kimo chake huwa juu kidogo ukutani na chini kidogo katikati, na tofauti hiyo hukandamiza maji kurudi ndani. Katika sehemu ya juu na ya kati nguvu hizo mbili hulingana. Pale chini kabisa sakafu huyakwaruza maji na kuyapunguzia mwendo, hivyo msukumo wa kwenda nje unapungua huku ule wa kurudi ndani ukibaki vilevile. Tabaka hilo la chini huteleza kuelekea katikati likibeba uchafu. Kanuni hiyo hiyo huzoa mchanga kutoka ukingo wa nje wa mto uliopinda na kuulaza ukingo wa ndani. Ukisimama kwenye kona ya Mto Chania utauona mchanga huo.

Kwa mwenye bwawa hii ni habari njema. Duara la uchafu katikati linathibitisha kwamba maji yote yanazunguka, na linakuonyesha mahali pa kupitisha brashi ya kunyonya mara mbili kwa wiki. Bwawa ambalo uchafu wake umelala kila mahali sawasawa ndilo la kulitilia shaka. Uchafu wa juu una njia yake nyingine. Upepo wa huku mara nyingi hutoka mashariki, na maua ya jakaranda, mabawa ya kumbikumbi na mafuta ya ngozi husukumwa kuelekea magharibi. Ukiwa na mdomo wa kuengua, uweke upande huo, na upepo utakufanyia nusu ya kazi.

Filta ni ya karatasi iliyokunjwakunjwa au ya mchanga. Ya karatasi ni rahisi, huoshwa kwa mpira wa maji na kubadilishwa ikichoka, na kwa bwawa la nyumbani inatosha. Ya mchanga inamfaa anayekodisha bwawa lake kwa sherehe za watoto, kwa kuwa huoshwa kwa kugeuza valvu tu. Mchanga wake ni wa silika, chembe zenye ukubwa wa nusu milimita hivi. Mchanga wa mtoni una udongo ndani yake na chembe zake hazilingani, kwa hiyo maji hujichimbia mifereji katikati na kupita bila kuchujwa. Geji ya juu ya filta ndiyo inayokuambia wakati wa kuosha. Andika kipimo chake siku filta ikiwa safi. Ikipanda kwa psi 8 hadi 10 juu ya hapo, osha. Kuosha kabla ya hapo ni kupoteza maji, tena mchanga ulioanza kuchafuka kidogo huchuja vizuri kuliko ule mpya.

Lakini kuna kitu ambacho filta hizi hazikiwezi, nacho ni udongo wetu mwekundu. Msimu wa masika, ukitazama maporomoko ya Chania kutoka hoteli ya Blue Posts, maji yanashuka yakiwa rangi ya matofali. Chembe za mfinyanzi huo ni ndogo kuliko maikroni 2, ilhali filta ya mchanga hukamata vizuri chembe za maikroni 20 hadi 40. Aliyejaza bwawa lake kwa maji ya mto au ya lori lisilojulikana lilikochota anaweza kuendesha pampu wiki nzima na maji yakabaki na ukungu uleule, kwa sababu mfinyanzi unaingia kwenye filta na kutoka. Hapo dawa ni shabu, ileile ambayo nyanya zetu waliitumia kutuliza maji ya kunywa. Jaribu kwanza kwenye ndoo ya lita 20 ujue kiasi gani kinatosha. Kisha yeyusha kiasi cha bwawa zima, kimimine mbele ya mdomo wa kurudishia, endesha pampu saa moja au mbili maji yachanganyike, na uizime usiku kucha. Hii ndiyo mara moja ambayo nakusihi usimamishe mzunguko. Chembe zitashikana na kuzama, na asubuhi utazinyonya polepole na kuzitoa nje bila kuzipitisha kwenye filta. Baadaye pima asidi, maana shabu huiongeza.

Maji ya kisima kirefu yana tabia nyingine. Yakiwa na chuma, hutoka meupe kabisa, na dakika chache baada ya kutia klorini yanageuka kahawia. Usiogope na usiyamwage. Klorini imekigeuza chuma kuwa kutu, na kutu hiyo inachujika ukiiacha pampu ifanye kazi na kuosha filta mara kwa mara.

Kuhusu klorini yenyewe, lenga miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH kati ya 7.2 na 7.8. Thika iko kama digrii moja tu kusini mwa ikweta, na jua la saa sita linaweza kuimaliza sehemu kubwa ya klorini isiyo na kinga ndani ya saa mbili. Tia ya unga jioni, pampu ikiwa inafanya kazi, na uiache iendelee saa kadhaa. Tembe zinazoyeyuka polepole zina kinga ndani yake. Kamwe usichanganye unga na tembe kwenye chombo kimoja, hata vikiwa vikavu, kwa sababu vinaweza kulipuka. Watu wakiwa ndani ya maji pampu iwe inazunguka, kwani ndipo jasho, mafuta na vijidudu vinapoingia.

Stima haina mjadala. Pampu ipate laini yake, ikiwekwa na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, pamoja na swichi inayokata umeme unapovuja hata kwa miliampea 30. Waya wa kurefushia ulionyoshwa kwenye majani mabichi unaua. Na kama ndugu yako aliye Marekani amekutumia bwawa, soma kibandiko cha pampu: kule stima ni volti 120 na hezi 60, hapa ni 240 na 50. Transfoma itarekebisha volti peke yake. Mota itazunguka kwa tano ya sita ya mwendo wake, itasukuma maji machache, na itapata moto. Uza hiyo pampu, ununue ya hapa.

Kama bwawa lako limechomelewa na fundi wa mtaani, angalia tundu la kuvuta kabla ya mtoto yeyote kuingia. Mwaka 2002 kule Marekani msichana wa miaka saba, Virginia Graeme Baker, alifariki baada ya mvuto wa tundu la chini kumshikilia ndani ya maji, na mwaka 2007 nchi hiyo ikapitisha sheria yenye jina lake. Tundu liwe na kifuniko cha mbinuko chenye matundu mengi, kiwe kimefungwa kwa skrubu. Ni bora kuwa na matundu mawili yanayochangia pampu moja, yakiwa mbalimbali, ili mwili wa mtoto ukiziba moja, maji yavutwe kwenye lingine. Ngazi itolewe kila mtu mzima wa mwisho anapoondoka.

Maji ya kuoshea filta usiyaelekeze kwenye septiki, ambako klorini itaua bakteria wanaoimeng'enya taka, wala kwenye mtaro unaoishia Mto Ruiru au Chania. Yaache kwenye pipa wazi siku kadhaa, jua liimalize klorini, kisha mwagilia nyasi.

Stima ikikatika, na itakatika, funga valvu zote mbili, ya kuvuta na ya kurudisha, ikiwa itachelewa kurudi, ili kiungio kinachovuja kidogo kisiingize hewa. Giza likiendelea hadi kesho yake, yeyusha klorini kwenye ndoo, imwage ukizunguka bwawa, na koroga kwa mti mrefu kufuata ukuta. Stima ikirudi, fungua valvu kwanza, legeza skrubu ya hewa juu ya filta hadi maji yachirizike bila mapovu, ikaze, ndipo uwashe. Weka mkono mbele ya mdomo wa kurudishia. Mkondo ukija kwa kushtukashtuka, bado kuna hewa: zima, legeza skrubu tena, na ukague gaskiti ya upande wa kuvuta.